Mbwa niliyemwokoa anaumwa na sababu haijulikani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa waliochukua mbwa wa mtaani, aliyetelekezwa au wa kituo cha uokoaji, kisha wakaanza kuona mambo wasiyoyaelewa. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya, kwa sababu magonjwa ya mbwa wa huku hayafanani sana na yale ya Ulaya ambayo ndiyo hujaa ukitafuta mtandaoni. Mbwa wa kuokotwa haji na historia: hujui alichokula, aliyemng'ata, wala kama amewahi kuchanjwa. Ndiyo maana mengi yanayoitwa ugonjwa usioeleweka ni mambo ambayo hayajapimwa bado, au yamepimwa kwa kipimo kisichoyaona.

Nimemchukua juzi tu. Hali chakula vizuri, analala kutwa, anaharisha. Anaumwa au ni ugeni?

Huenda ni ugeni. Mbwa aliyezoea jalala ukimwekea ghafla ubwabwa na nyama, tumbo litachafuka. Aliyezoea kelele za stendi ukimfungia kwenye ua wenye ukuta, atajikunyata pembeni kwa siku kadhaa. Kuharisha siku moja au mbili bila damu, huku anakunywa maji na anakufuata kwa macho, kunaweza kusubiri kidogo. Isipokuwa kwa mtoto: mbwa mdogo asiyechanjwa akianza kuharisha na kutapika, mpeleke siku hiyohiyo, maana pavo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, haimpi nafasi.

Kama amekonda mpaka mbavu zinahesabika, usimshindilie chakula kwa huruma. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukipata chakula kingi kwa mpigo, madini ya kwenye damu huvurugika, na mbwa anaweza kufa akiwa ameshiba. Mpe kidogo, mara nne au tano kwa siku.

Kuhusu ugonjwa wenyewe, kuna vitu vitatu unavyoweza kupima nyumbani.

Joto: tumia themomita ya kawaida ya duka la dawa, ipake mafuta, iingize taratibu kwenye njia ya haja kubwa. Mbwa mzima akiwa ametulia huwa na nyuzi 38.3 hadi 39.2, yaani joto ambalo kwa mtu lingeitwa homa. Akiwa ametulia na bado anazidi 39.5, ana homa. Pua kavu haikwambii kitu, hata kama jirani anaapa.

Fizi: ziwe na rangi ya waridi. Bonyeza kwa kidole mpaka peupe, achia. Damu irudi ndani ya sekunde mbili. Mbwa mwenye fizi nyeusi, vuta kope la chini uangalie ndani.

Pumzi: akiwa usingizini, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Ikiwa siku zote anazidi 30, kamwambie daktari.

Dalili zipi zisisubiri asubuhi?

Fizi nyeupe, za njano au za kahawia. Mkojo wa rangi ya kahawa. Degedege inayozidi dakika tano au inayojirudia. Tumbo lililovimba ghafla huku anajaribu kutapika na hakitoki kitu. Kupumua kwa shida. Kutokwa na damu isiyokatika. Jike anayeshindwa kuzaa. Joto la nyuzi 41. Hapo mpigie daktari wa mifugo hata kama ni usiku wa manane, na kama hapokei tafuta mwingine.

Daktari amempima, anasema haoni kitu. Lakini mbwa wangu si mzima, namwona. Nifanye nini?

Muulize kwa upole amepima nini hasa. Hili watu hulionea aibu, wakidhani ni kumkosoa mtaalamu, ila daktari mzuri hukueleza bila kinyongo. "Tumepima damu" inaweza kuwa tone moja kwenye kioo chini ya darubini, au picha kamili ya damu, au kile kipimo cha haraka cha kipande cha plastiki. Vitatu hivyo vinajibu maswali matatu tofauti.

Tone kwenye kioo linaonyesha vizuri babesia, vijidudu vinavyokaa ndani ya chembe nyekundu, mbwa akiwa taabani. Kwa erlikia, ugonjwa mwingine wa kupe, mara nyingi halionyeshi kitu, hata mbwa akiwa amejaa ugonjwa. Picha kamili ya damu inahesabu chembe. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikiwa chache sana kwa mbwa wa mazingira yetu, daktari mwenye uzoefu huanza kufikiria kupe hata kabla hujamaliza kueleza. Choo nacho: sampuli moja isiyo na mayai ya minyoo haimaanishi hakuna minyoo, maana minyoo haitagi mayai kwa ratiba. Peleka ya siku tatu tofauti.

Halafu kuna lile daktari asiloweza kuliona kabisa, yaani mbwa wako akiwa nyumbani. Mbwa wengi wakifika kliniki woga huwasimamisha wima. Aliyekuwa anachechemea anatembea, aliyekuwa anakohoa ananyamaza. Mrekodi video kwa simu. Andika kwenye daftari amekula nini, ametapika saa ngapi, choo kikoje, joto ngapi. Video ya nusu dakika humsaidia daktari kuliko "amekuwa kama mnyonge hivi".

Kwa nini kila mtu anataja kupe? Mbwa wangu sasa hana hata mmoja.

Kwa sababu kupe wa leo si lazima awe ndiye aliyeleta ugonjwa wa leo. Erlikia huletwa na kupe wa kahawia wa mbwa. Baada ya kuumwa hupita wiki moja hadi tatu, kisha mbwa hupata homa, hukosa hamu ya kula, tezi huvimba. Dalili hizi zinaweza kupoa zenyewe na mwenye mbwa akasahau. Ugonjwa haujaondoka, umejificha, na unaweza kukaa hivyo miezi au miaka huku mbwa anaonekana mzima, halafu ukaibuka kwa sura nyingine: damu puani, kukonda bila sababu, macho yenye ukungu, michubuko chini ya ngozi ya tumbo. Hapo uboho, yaani kiwanda chenyewe cha damu, unaweza kuwa umeshaharibika. Jamii ya German Shepherd huumia zaidi kuliko wengine, na Bongo mbwa wa ulinzi wengi wana damu hiyo.

Dawa inayotumika sana ni doksisaiklini, kwa kawaida siku 28. Akiwa katika hatua za mwanzo, mara nyingi mbwa huinuka ndani ya siku mbili, na hapo ndipo watu wengi huacha vidonge. Usiache. Mpe pamoja na chakula, kwa sababu kidonge kikikwama kooni kinaunguza. Dozi ipangwe na daktari kwa uzito wa mbwa.

Babesia ni kesi nyingine kabisa ingawa nayo huletwa na kupe. Inavunja chembe nyekundu, ndiyo maana fizi hupauka na mkojo hubadilika rangi, na inaweza kuua ndani ya siku chache. Doksisaiklini peke yake haitoshi. Kuna sindano zake. Mbwa mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili, na hilo ndilo linalofanya tiba ya kubahatisha ifanye kazi nusunusu, kila mtu akabaki anashangaa.

Kuhusu nyumba: kupe huyu hamalizi maisha yake juu ya mbwa. Hushuka kila hatua, hupanda ukutani, hujificha kwenye nyufa na chini ya zulia, na jike mmoja hutaga mayai elfu kadhaa. Ukimtibu mbwa ukaacha banda, unamtibu tena baada ya miezi miwili.

Kipimo cha haraka kimeonyesha ana erlikia. Kwa hiyo tumepata jibu?

Mmepata dokezo. Vipimo vingi vya namna hiyo hutafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili uliwahi kupambana na kijidudu. Alama hiyo hubaki miezi au hata miaka baada ya kupona. Mbwa wa mtaani ambaye amekulia kwenye kupe anaweza kuonyesha ndiyo huku kinachomwumiza leo ni kitu kingine. Jibu hilo lisomwe pamoja na idadi ya chembe sahani na hali yake. Na kinyume chake: mapema mno kipimo kinaweza kusema hapana wakati ugonjwa upo.

Anameza chakula, kisha kinarudi vilevile. Ana hamu lakini anakonda. Wameshampa dawa ya minyoo mara nyingi.

Kwanza tofautisha. Kutapika tumbo hujikamua, mbwa hujikunja kabla. Kurudisha chakula ni kukiachia tu, hakijasagika, mara nyingi kina umbo la koo. Kama ni hiki cha pili, mtajie daktari mnyoo anayeitwa spirosaka. Katika Afrika Mashariki anajulikana sana kwa mbwa wanaozurura, ila kwenye kliniki yenye foleni huweza kusahaulika.

Mbwa hupata mnyoo huyu kwa kula wale dundu wanaoviringisha mavi, au kwa kula kuku na mijusi waliowala dundu hao. Kwa hiyo mbwa aliyelelewa na utumbo mbichi wa kuku yumo hatarini. Mabuu hupenya tumbo, husafiri kwa kuta za mishipa ya damu mpaka kwenye mshipa mkuu, kisha huhamia kwenye umio na kufanya uvimbe. Uvimbe ukiziba, chakula hakipiti. Ukikaa sana unaweza kugeuka saratani. Vidonge vya kawaida vya minyoo vya dukani havimfikii. Mayai yake ni madogo na hayatoki kila siku, hivyo choo kinaweza kudanganya. Eksirei ya kifua husaidia, na kamera ya kuingiza kooni ndiyo huuona uvimbe wenyewe. Dawa ipo, ya sindano, na hutumika kwa usimamizi wa daktari.

Jike wangu anadondosha damu kwa wiki nyingi. Wanasema yuko kwenye joto.

Joto la jike kutokwa damu kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili tatu. Ikiendelea, au dume akidondosha damu kwenye uume, mwombe daktari aangalie uvimbe wa zinaa wa mbwa. Una umbo la koliflawa, unavuja damu, na mara nyingi umejificha ndani mpaka uvutwe nje.

Ni ugonjwa wa ajabu kweli. Saratani hii huambukiza: seli zenyewe hupita kutoka mbwa hadi mbwa wakipandana au wakilambana, na seli hizo zinatokana na mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Huweza kuota hata puani kwa sababu ya kunusana, na damu ya puani ikadhaniwa ni ya kupe. Habari njema ni kwamba ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri zaidi. Sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa, huumaliza kwa mbwa wengi. Kinachotakiwa kabla ni kupaka majimaji ya uvimbe kwenye kioo na kuyaangalia. Watu huwaua mbwa hawa wakidhani wameoza.

Anachechemea na vidole vimevimba. Na mgongoni ana majipu yanayochezacheza.

Vidole, angalia funza. Majipu yenye tundu dogo juu yana buu la nzi anayetaga mayai kwenye mchanga wenye mkojo na kwenye nguo zenye unyevu. Paka mafuta mazito juu ya tundu ili buu likose hewa, kisha litoe zima bila kulipasua. Pigeni pasi nguo zenu pia, maana buu hilo halibagui.

Mguu wake unashtuka wenyewe hata akilala. Alikuwa na mafua na tongotongo, yakapona.

Hiyo inafanana sana na distempa. Virusi huanza na mafua na kuhara, mbwa anapata nafuu, na wiki kadhaa baadaye vinaonekana kwenye mishipa ya fahamu. Wengine hubaki na mshtuko huo maisha yote na wanaishi vizuri tu. Wengine degedege huzidi. Hakuna dawa ya kuua virusi hivi. Kuna chanjo, na ndiyo maana naichukia kauli kwamba mbwa wa kienyeji hahitaji chanjo. Mwaka 1994 virusi hivihivi viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Kutetemeka kulikoanza ghafla, na udenda mwingi, kuhara na mboni zilizokuwa ndogo kama tundu la sindano, fikiria kuwa ni sumu. Kimbia kliniki. Usimmiminie maziwa mbwa anayetetemeka, yataingia mapafuni.

Nawezaje kujua si kichaa cha mbwa?

Kwa mbwa aliye hai hakuna kipimo cha uhakika. Ubongo ndio hupimwa, baada ya kufa. Kinachotazamwa ni mabadiliko: mpole kuwa mkali au mkali kuwa mpole kupita kiasi, sauti kubadilika, kushindwa kumeza, taya kulegea, miguu ya nyuma kupooza. Dalili zikianza, kifo hufuata ndani ya siku chache. Mbwa mwenye malalamiko yaleyale kwa miezi miwili ana kitu kingine.

Kosa la hatari ni hili: mbwa anatoa udenda, hamezi, mwenye mbwa anadhani mfupa umekwama, anaingiza mkono kooni. Usiingize. Mfungie mahali peke yake na mwite daktari wa mifugo wa serikali wa eneo lako.

Akikung'ata, au mate yake yakigusa kidonda, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaanze chanjo. Usingoje kuona mbwa atakuwaje. Mbwa huangaliwa siku 10. Akibaki mzima, daktari anaweza kukusimamishia dozi zilizobaki. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wakiwa Afrika na Asia, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Kwa kuwa virusi hukaa mwilini wiki kadhaa hadi miezi kabla ya dalili, mbwa uliyemwokota mwezi uliopita akiwa mzima bado anahesabiwa. Mchanje mapema. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mara nyingi kunakuwa na chanjo za bure.

Nimpe panadol kidogo, au dawa zilizobaki za mbwa mwingine?

Hapana. Panadol, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumharibu ini, figo na tumbo. Ivamektini ya ng'ombe ni kali, na mbwa wenye damu ya Collie, pamoja na baadhi ya German Shepherd, wanaweza kuzirai nayo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyopimwa kwa kifuniko cha chupa inaua. Na tafadhali, oili chafu ya gari kwa ajili ya ukurutu: inaunguza ngozi, mbwa anailamba, inaingia mwilini. Ukurutu una dawa, na baadhi ya aina zake huwapata watu pia, kwa hiyo vaa glovu.

Sisi ni Waislamu. Nimhudumieje mgonjwa anayelamba na kutoa damu?

Swali hili huja sana kutoka Pwani na Visiwani. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi huku, unyevu wa mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wanaohudumia huweka glovu, nguo na kandambili za kazi hiyo tu, na mahali pa kumhudumia pasipo pa kuswalia. Ni usafi ambao hata daktari angekuagiza. Yaliyobaki muulize shehe wako. Kumhurumia mnyama hatakukataza.

Pesa ni kidogo. Nianzie wapi?

Uchunguzi wa mikono na joto, tone la damu kwenye kioo pamoja na picha kamili ya damu, choo, mkojo. Hivyo vinne kabla ya altrasaundi na kabla ya sindano ya "tujaribu hii". Sindano moja ya mseto isiyo na jina huonekana rahisi, lakini inafuta ushahidi na daktari wa pili anaanza gizani. Andikisha jina la kila dawa aliyochomwa. Kama mambo hayaeleweki, kuna hospitali za kufundishia: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania nayo hupima sampuli.

Silali. Kila akihema nashtuka. Watu wananicheka, "mbwa tu huyo".

Waache wacheke. Ila wasiwasi usiokuwa na kazi unakula mtu, kwa hiyo upangie: joto asubuhi na jioni, pumzi akilala, uzito kila wiki kwenye mzani ukiwa umembeba, kisha utoe uzito wako. Nje ya saa hizo, usimchungulie. Na acha kusoma orodha za magonjwa usiku. Uzito unaopanda ni habari njema hata kama jina la ugonjwa halijapatikana.

Na kama jibu halipatikani kabisa?

Hutokea. Baadhi ya mbwa hupona bila mtu kujua walikuwa na nini, wengine huishi na kifafa au tumbo bovu kwa dawa za kila siku. Cha kuamulia ni maisha yake: anakula, anainuka mwenyewe, anakuja mlangoni? Akiwa hawezi hayo kwa siku nyingi na maumivu hayatulizwi, zungumza na daktari kuhusu kumlaza kwa sindano, yaani afe bila maumivu, na uombe uwepo ukitaka.

Mbwa wengine nyumbani nifanyeje wakati huu?

Mtenge mgeni kwa wiki mbili angalau, na akiwa na mafua au anahara, mpaka daktari aseme. Vyombo vyake viwe peke yake. Mhudumie wa mwisho, baada ya wazima. Wote wapewe dawa ya kupe siku moja, na chanjo za wale wazima zisisubiri. Za mgonjwa zingoje mpaka homa ishuke.